Asiyesikia Si Mkaidi

Hotuba iliyosomwa Kagarama, Kigali, mbele ya wajumbe wa kamati za wakimbizi wa kambini na wa mjini, tarehe 3 Desemba, Siku ya Kimataifa ya Watu Wenye Ulemavu

Bwana Mwenyekiti wa Kamati,
Wajumbe mliotoka kambini,
Wageni wetu wa HCR na wa mashirika yanayotuhudumia,
Akina mama, akina baba, na ninyi vijana,

Hamjambo nyote.

Nimeona midomo yenu ikijibu. Sauti yenyewe imenifikia kama maji yanayopita mbali, lakini jibu nimelipata. Asanteni. Kabla sijaanza nina ombi moja. Mwishoni, mkiwa na maswali, yaandikeni kwenye karatasi. Au mwenye swali asimame pale karibu na dirisha, mwanga umpige usoni, aulize taratibu. Mkiuliza wote kwa pamoja nitatabasamu na kutikisa kichwa, na hapo mjue kwamba sijapata hata neno moja. Hiyo ndiyo hila ya watu wa aina yangu, na leo nimekuja kuifichua.

Mwenyekiti aliponiandikia kuniomba niseme juu ya kuishi bila kusikia, nilikaa na barua ile siku tatu. Kwa miaka mingi nilikuwa nimeficha jambo hili kama mtu anavyoficha deni. Nimekubali kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mtoto mmoja ambaye nilimkosea. Ya pili ni watoto wengine walioko kambini leo, ambao tunaendelea kuwakosea vivyo hivyo.

1. MTOTO WA BENCHI LA NYUMA

Kabla ya vita nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi katika vilima vya Masisi, Kivu Kaskazini. Darasa langu lilikuwa na watoto zaidi ya sitini. Benchi la nyuma kabisa alikaa mvulana mmoja ambaye sikio lake lilitoa usaha tangu alipokuwa mdogo. Wenzake hawakutaka kukaa naye kwa sababu ya harufu na nzi, ndiyo maana alisukumwa nyuma. Nami sikumrudisha mbele.

Nilipomwita hakuitika. Nilipomuuliza hesabu ya tatu alinijibu ya pili. Nilipoamuru wote wasimame, alisimama wa mwisho, baada ya kuwatazama wengine. Nikaona ni kiburi. Siku moja nikamwita baba yake, nikamwambia maneno haya: "Mtoto wako hasikii."

Ndugu zangu, nilikuwa nimesema kweli tupu bila kujua. Baba yake alilielewa neno lile kama nilivyolikusudia, yaani kwamba mtoto ni mkaidi. Akamchapa pale pale mbele ya darasa. Mwaka haukwisha, mtoto akaacha shule.

Tazameni lugha zetu zinavyotutega. Kwa Kiswahili, mtoto mtundu tunasema hasikii. Tunawafundisha watoto kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa Kinyarwanda, kumva ni kusikia, na ni kuelewa pia, na kumvira ni kutii. Kusikia, kuelewa na kutii tumevifunga katika fundo moja. Kwa hiyo mtu akipungukiwa na la kwanza, tunamnyima na mengine mawili: tunamwona mjinga, kisha tunamwona mkaidi. Ninyi mlio wazazi na walimu, fungueni fundo hilo. Mtoto anapoonekana hasikii, swali la kwanza liwe hili: je, masikio yake yamepimwa?

2. ZAMU YANGU

Tulikimbia mwaka 1996, tukaingia Rwanda. Miaka miwili baadaye kifua kikuu kilinirudia mara ya pili, nikachomwa sindano za streptomisini kila siku kwa miezi miwili. Dawa ile iliniokoa. Siisemi vibaya, maana bila hiyo nisingekuwa nimesimama hapa. Lakini kwa watu wengine dawa hiyo, pamoja na ndugu zake kama kanamisini na jentamisini, huharibu sehemu ya ndani kabisa ya sikio, ile inayopokea sauti na inayotusaidia kusimama wima. Sehemu hiyo ikishakufa hairudi.

Kwanza nilisikia mlio ndani ya kichwa, kama nyenje wakati wa jua kali. Haukunyamaza mchana wala usiku. Kisha nikaanza kupepesuka gizani. Mchana nilitembea sawa kwa kuwa macho yalinishika, lakini usiku nikienda chooni niliyumba kati ya shitingi za watu. Majirani wakasema mwalimu ameanza kunywa. Baadaye maneno ya watu yakaanza kupoteza vipande. Sauti nzito za wanaume nilizipata, za wanawake na watoto zikanipotea. Nilimwona mke wangu akisema nami, nikasikia irabu tupu bila konsonanti.

Nikaanza kujificha. Niliacha kwenda kwenye mikutano ya kartie. Kanisani nilikaa nyuma ili niwaone wengine wakisimama nami nisimame. Mnaona ilivyonirudia? Nilikuwa nimekaa kwenye benchi la yule mtoto, nikifanya kama yeye alivyofanya.

Aibu hiyo iliniponza. Ilifika siku ya mahojiano ya familia yetu. Ofisa alikuwa mtu mwema, sina neno naye. Alikaa ameipa mgongo dirisha, uso wake ukawa giza, na mkalimani alikaa pembeni yangu, nisimwone mdomo. Niliulizwa kama watoto wangu wote nilikuwa nao hapa. Nilisikia neno "watoto" tu, nikajibu ndiyo. Binti yangu mkubwa alikuwa amebaki Goma kwa shangazi yake. Kwa "ndiyo" ile moja, jina lake halikuandikwa. Ilichukua miaka miwili, barua nyingi na kusimama kwenye foleni nyingi kulirudisha. Katika miaka hiyo miwili binti yangu aliamini kwamba baba yake amemkana.

Ningaliweza kusema maneno manne: "Sisikii vizuri, rudia tafadhali." Sikuyasema. Ninyi mnaofanya mahojiano, mjue kwamba mtu asiyesikia atawaambieni ndiyo. Msiridhike nayo. Mwombeni aeleze kwa maneno yake mwenyewe kile alichoulizwa.

3. MAISHA YA KAGARAMA

Sasa ninaishi hapa Kagarama, wilaya ya Kicukiro, katika chumba cha kupanga. Wengine hufikiri kwamba mjini mambo ni rahisi kwa kiziwi. Yana urahisi wake na ugumu wake.

Simu ya kuongea hainifai, lakini ujumbe wa maandishi umenirudishia watu wangu. Binti yangu ananiandikia, mwenye nyumba ananiandikia, hata muuza mkaa. Pesa ikitumwa kwa simu naiona kwa macho. Kwa upande mwingine, barabara ni adui. Pikipiki hutoka nyuma, dereva akipiga honi anadhani nimempuuza. Nimekwisha kutukanwa mara nyingi, na nashukuru kwamba matusi nayo siyasikii. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nakwenda kwenye umuganda na jembe langu kama wengine wote. Kazi ni rahisi, maana mikono haihitaji masikio. Kikao kinachofuata ndicho kigumu. Watu mia wamekaa kwenye nyasi, mmoja anasema huku, mwingine anajibu kule, na nikigeuza kichwa kumtafuta aliyesema, amekwisha kumaliza. Jirani yangu mmoja amejizoesha kuniandikia mambo makuu kwenye daftari: siku ya usalama, mchango, maji. Huchukua dakika mbili tu. Kwa dakika hizo mbili mimi ni mkazi wa Kagarama kama wengine.

Kwenye kilima hiki hiki cha Kagarama ndipo ilipo Nyanza. Tarehe 11 Aprili 1994, baada ya askari wa Umoja wa Mataifa kuondoka katika shule ya ETO ya Kicukiro, maelfu ya watu waliokuwa wamekimbilia hapo walipelekwa Nyanza wakauawa kwa risasi, maguruneti na mapanga. Leo kuna makumbusho yao pale. Nimeitaja kwa heshima, na kwa sababu inatuhusu. Mlipuko wa guruneti au bomu huweza kupasua ngozi ya sikio na kuua usikivu kwa sekunde moja. Katika nchi zote za Maziwa Makuu wapo watu waliotoka vitani wakiwa hai lakini wamepoteza masikio, na wengi wao hawajahesabiwa popote kama majeruhi, kwa sababu jeraha lao halitoki damu.

4. HATUKO PEKE YETU

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa yake kubwa juu ya usikivu mwaka 2021. Ilisema kwamba watu zaidi ya bilioni 1.5 duniani wamepungukiwa na usikivu kwa kiasi fulani, na kati yao milioni 430 wanahitaji msaada wa kitaalamu. Wengi wao wako katika nchi zenye kipato kidogo na cha kati kama zetu. Na kati ya watu 100 ambao mashine ya kusikia ingewafaa, ni 17 tu wanaoitumia.

Hapa Rwanda viziwi wenyewe walianzisha umoja wao wa taifa, RNUD, mwaka 1989. Huye, mji ulioitwa Butare zamani, una kituo cha siku nyingi cha kufundisha watoto viziwi, na Nyagatare ipo Umutara Deaf School. Tanzania, shule ya viziwi ya Tabora ilifunguliwa mwaka 1963. Uganda iliandika lugha ya alama katika katiba yake ya mwaka 1995, na mwaka uliofuata kiziwi, Alex Ndeezi, akaingia bungeni. Kenya, katika katiba ya mwaka 2010, iliifanya Lugha ya Alama ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza.

Leo ni tarehe 3 Desemba. Tangu mwaka 1992 Umoja wa Mataifa umeifanya kuwa Siku ya Watu Wenye Ulemavu. Lakini kwa viziwi wa Afrika tarehe hii ina kumbukumbu nyingine, na imetokea katika nchi hii tuliyomo.

Andrew Foster alikuwa Mmarekani mweusi, aliyezaliwa Alabama mwaka 1925. Alipokuwa na miaka 11 homa ya uti wa mgongo ilimfanya kiziwi. Mwaka 1954 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata digrii katika chuo cha viziwi cha Gallaudet. Mwaka 1957 alifika Ghana, akafungua shule ya viziwi mjini Accra. Hakuishia hapo. Mpaka mwisho wa maisha yake alikuwa amesaidia kuanzisha shule zaidi ya 30 katika nchi nyingi za Afrika, pamoja na Kongo, wakati ule ikiitwa Zaire. Kila alipokwenda aliambiwa kwamba hakuna viziwi, kwa maana wazazi waliwaficha ndani. Aliwatafuta, akawapata.

Tarehe 3 Desemba 1987 alipanda ndege ndogo hapa Rwanda kuelekea Kenya. Ndege ilianguka karibu na Gisenyi, naye akafa pamoja na waliokuwa ndani. Wengi wetu tumepita Gisenyi tukikimbia, mizigo kichwani. Hatukujua kwamba vilima vile vilimpokea mtu aliyewafungulia kinywa watoto wetu.

5. MTOTO ASIYE NA LUGHA

Mimi nilipoteza masikio nikiwa mtu mzima. Lugha nilikuwa nayo tayari. Naweza kusoma, kuandika na kuhutubia kama mnavyoona. Sipendi mnitumie mimi kama mfano wa viziwi wote, kwa sababu yuko mwenye hali nzito kuliko yangu. Huyo ni mtoto aliyezaliwa bila kusikia, au aliyepoteza usikivu kabla hajajua kusema.

Viziwi wengi huzaliwa na wazazi wanaosikia. Mama anampenda mwanawe, lakini hana lugha ya kumpa. Wanabuni ishara za nyumbani: kula, maji, njoo, lala. Ishara hizo zinatosha kwa kula na kulala. Hazitoshi kumwambia mtoto kwa nini tulikimbia, baba yake alikwenda wapi, au afanye nini mtu mbaya akimshika mkono njiani kwenda kuni. Na likimpata jambo baya, hana maneno ya kulisimulia. Mwenye kumdhuru anajua hivyo. Ndiyo maana anamchagua yeye.

Dawa ya hali hiyo ni lugha ya alama, na ifundishwe mapema, mtoto angali mdogo. Wapo wanaodhani kwamba ni michezo ya mikono. Si hivyo. Ni lugha kamili, ina sarufi yake, na ina uwezo wa kusema jana, kesho, huenda na laiti. Wala si moja kwa dunia nzima. Kiziwi aliyesoma Tabora na kiziwi aliyesoma Huye watahitaji muda kuelewana, kama Mhaya na Mshi. Ukimfundisha mtoto alama humzuii kujifunza kusoma Kiswahili au Kinyarwanda. Unampa mlango wa kuingilia huko.

Na majina tunayowaita tuyaangalie. Kiziwi ni asiyesikia, neno hilo halina tusi. Lakini bubu, na ikiragi kwa Kinyarwanda, ni majina yanayosema kwamba mtu hana la kusema. Analo. Tunachokosa ni sisi kumwelewa.

6. MASIKIO YANAYOWEZA KUOKOLEWA

Taarifa ile ya mwaka 2021 inasema kwamba kwa watoto, karibu sehemu 60 katika 100 za upotevu wa usikivu zingeweza kuzuiwa. Kwa hiyo akina mama na wahudumu wa afya wa kambi, nisikilizeni hapa.

Kwanza, chanjo. Surua, rubela kwa mama mjamzito, na homa ya uti wa mgongo huua masikio. Rwanda ilianza kutoa chanjo ya nimonia mwaka 2009, ambayo huzuia vilevile magonjwa kadhaa ya sikio na uti wa mgongo, na chanjo ya surua na rubela pamoja mwaka 2013. Wakimbizi wanachanjwa pia. Usikose siku.

Pili, usaha sikioni ni ugonjwa. Mtoto hatoki nao tumboni, wala si alama ya ukoo, wala hakurogwa. Mpeleke kituo cha afya. Wakati wa kutibu, sikio likaushwe: kunja kitambaa safi cha pamba kiwe kama utambi, kiingize taratibu, kitoe kikilowa, weka kingine mpaka sikio likauke, halafu tia dawa ya matone uliyopewa. Vitambaa vilivyotumika vitupwe. Ukiona uvimbe wenye maumivu nyuma ya sikio, usingoje kesho, hiyo ni hospitali ya haraka.

Tatu, usiingize kitu. Njiti ya kiberiti, unyoya wa kuku, pini, mafuta ya moto, maji ya majani, mkojo: vyote hivi nimeviona vikitumika. Nta ya sikio hutoka yenyewe. Ikiziba, muuguzi atalisafisha.

Nne, uliza juu ya dawa. Ukichomwa sindano za muda mrefu ukasikia mlio masikioni au kizunguzungu, mwambie daktari siku ile ile, usimalize dozi kimya kimya kama nilivyofanya mimi. Wala usikatize mwenyewe, maana kifua kikuu kitakuua. Mwambie. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilishauri kanamisini na kapreomisini ziachwe katika matibabu ya kifua kikuu sugu, kwa kuwa vipo vidonge visivyoua masikio.

Tano, mtazame mtoto mchanga. Asiposhtuka mlango ukibamizwa, asipogeuka kwa sauti ya mama, akifika mwaka mmoja bila kubwabwaja maneno, apelekwe akapimwe. Usingoje watu wakuambie "atasema tu, hata babu yake alichelewa."

Juu ya mashine ya kusikia niseme maneno machache. Inasaidia sana, lakini si kama miwani. Inakuza sauti zote, pamoja na kelele. Inahitaji mazoezi ya wiki nyingi, kipande cha sikioni kilichofinyangwa kwa sikio la mtu mwenyewe, na betri ambayo hudumu wiki moja au mbili. Kwa hiyo, mashirika mnaotoa mashine, toeni na betri. Mashine isiyo na betri nimeiona ikining'inia shingoni mwa binti mmoja kama hirizi. Hakutaka kuivua kwa kuwa ilimgharimu mama yake safari tatu.

7. JINSI YA KUSEMA NASI

Mkitaka kusema na mtu asiyesikia vizuri, mguseni bega kwanza au mpunge mkono, mpate macho yake. Simameni mbele yake penye mwanga. Msifunike mdomo, msitafune. Msipige kelele: kelele huukunja uso, na uso uliokunjwa ni wa hasira. Asipoelewa mara mbili, badilisheni maneno, msirudie yale yale. Andikeni. Choreni. Na zaidi ya yote, msimwambie "basi, si kitu." Neno hilo "si kitu" ndilo linalotutoa kwenye kikao. Niache mimi niamue kama si kitu.

8. MAOMBI YANGU KWA KAMATI NA KWA MASHIRIKA

Bwana Mwenyekiti, Rwanda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwezi wa Desemba 2008. Kifungu cha 11 cha mkataba huo kinataka watu wenye ulemavu walindwe wakati wa vita na maafa. Kifungu cha 21 kinataka lugha ya alama ikubaliwe. Kwa hiyo haya ninayoomba si sadaka.

Ombi la kwanza: tangazo lolote la megafoni liandikwe pia ubaoni penye maji na penye kituo cha afya, kwa maneno mafupi na picha. Wakati posho ilipokuwa mahindi na maharage, nilimjua mzee mmoja aliyekosa mgao mara mbili mfululizo kwa sababu siku ilibadilishwa kwa megafoni. Alikuwa amekaa umbali wa hatua hamsini kutoka kwa mwenye kutangaza.

Ombi la pili: kila kartie iwe na mtu mmoja anayewajua viziwi wote wa hapo kwa nyumba, na ambaye moto ukizuka au mvua kubwa ikija usiku, kazi yake ni kwenda kuwaamsha kwa mkono. Hili halihitaji fedha. Linahitaji kamati iketi jioni moja.

Ombi la tatu: wakati wa kuhakiki kadi, uziwi uandikwe kwenye faili, ili ofisa ajue kabla hajauliza swali la kwanza.

Ombi la nne: mambo ya siri yasitafsiriwe na ndugu wala jirani. Binti kiziwi hawezi kusema lililompata ikiwa mkalimani wake ni mjomba. Atafutwe mkalimani wa lugha ya alama, na umoja wa viziwi uulizwe, maana wao wanawajua wanaofaa.

Ombi la tano: watoto viziwi wa kambi waandikwe, na vijana wachache wakubali kujifunza alama wawafundishe wazazi wao pia. Mwalimu aliye na mtoto wa benchi la nyuma amlete mbele leo, kabla ya kipimo, kabla ya mradi, kabla ya fedha. Kumhamisha mtoto benchi hakuna gharama.

9. MWISHO

Yule mvulana wa Masisi, kama yu hai, ni mtu mzima wa miaka arobaini na kitu. Sijui kama vita vilimwacha. Kila ninapokwenda kambini kuwaona jamaa, nawatazama wanaume wa umri huo, nikitafuta mmoja anayewageukia watu kwa sikio moja. Nikimpata nitamwomba msamaha mbele ya watu, kama baba yake alivyomchapa mbele ya watu. Nikikosa kumpata, basi hotuba hii iwe ndiyo msamaha wenyewe. Na ninyi mtakaoisoma kwenye jarida, kama mnamjua mtu wa habari hizi, mpelekeeni. Kusoma huenda hajui, maana mimi ndiye niliyemkosesha shule. Msomeeni polepole, uso kwa uso, penye mwanga.

Sasa leteni karatasi.